Mburahati Kwenye Jalada la Santuri

Mwaka 2017 lebo ndogo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes (jina ambalo msomaji wa Kiswahili hulitamka baada ya kutazama kwanza nani amekaa karibu) ilitoa albamu ya nyimbo zilizopikwa Mburahati, Dar es Salaam, kwenye studio ya prodyuza anayejulikana kwa jina la Sisso. Albamu ikaitwa Sounds of Sisso. Wahakiki wa Ulaya waliipokea kwa mshangao: biti zinazokimbia mapigo 200 kwa dakika na zaidi, vinanda vilivyopandishwa hadi vikawa vya kutoboa masikio, vijana wanaochana bila kupumua. Mburahati haikushtuka. Muziki huo, singeli, ulikuwa umeshakesha kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku kucha za mtaa, na ambaye hakwenda kuucheza aliusikia akiwa kitandani, apende asipende.

Tangu hapo singeli imepata nafasi katika orodha za albamu bora za muziki wa majaribio na wa kielektroniki, zile ambazo wapenzi wa muziki hupeana na kubishania. Humo Sisso anakaa jirani na majina makubwa ya muziki huo, Autechre na Éliane Radigue, na watu walioisoma sauti vyuoni. Ni heshima anayostahili. Hata hivyo, orodha hizo karibu zote zimeandikwa na watu wasioelewa kinachoimbwa, na jambo hilo limeamua kwa kiasi kikubwa ni kipi kisifiwe na kipi kipite bila kuonekana. Msikilizaji wa Kiswahili ana fursa ambayo mhakiki wa London hana. Ana kasoro yake pia: yeye huziba masikio mapema, maana alishaamua zamani kwamba hizo ni kelele za uswahilini. Albamu zinazotajwa hapa zimechaguliwa kwa ajili yake.

Asianze na Sisso. Aanze nyuma kidogo, na Bongo Hotheads ya Jagwa Music, iliyotolewa mwaka 2012 na Crammed Discs ya Brussels. Jagwa ni kundi la mchiriku, ambao wengine huuita mnanda, muziki uliotoka kwenye ngoma za Wazaramo ukakulia katika mitaa ya Dar es Salaam ya miaka ya 1990. Chombo chake maarufu ni kinanda kidogo cha Casio, cha aina iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto na wanaojifunza nyumbani. Vitufe vyake ni vyembamba, midundo yake michache imepachikwa kiwandani, na spika yake ya ndani haiwezi kujaza hata sebule. Vijana wa mchiriku walikichomeka kwenye amplifaya na honi za kutangazia, wakafungua sauti hadi mwisho. Amplifaya ikizidiwa hukata vichwa vya mawimbi ya sauti. Noti iliyoingia laini hutoka na makwaruzo, na ndani ya makwaruzo hayo mnakuwa na sauti za juu ambazo hazikuwemo kabisa kwenye kinanda. Mpiga gitaa wa roki hununua kifaa maalumu ili aipate hali hiyo. Mchiriku uliipata kwa sababu vifaa vilikuwa duni na waliokuja kucheza walikuwa wengi.

Kwenye albamu Casio inasikika kama mtu mmojawapo wa kundi, tena mbishi. Ngoma zinapokezana chini yake bila kuacha upenyo, mwimbaji anasimulia shida za mjini kwa sauti ya mtu anayegombana na kondakta, na kila wimbo unaonekana kuanza pale ambapo muziki wa kawaida ungekuwa umefika kileleni. Kasoro yake ni usafi. Rekodi imepangwa vizuri mno. Vumbi na mwangwi wa uchochoro vimefagiliwa. Aliyewahi kusikia mnanda ukipigwa nje atahisi kuna kitu kimeachwa mlangoni. Hata hivyo ni rekodi nzuri ya muziki ambao kwa sehemu kubwa uliishi kwenye kanda zilizonakiliwa juu ya kanda nyingine, na ambao ungeweza kupotea pamoja na kanda hizo.

Simu zilipozishinda kanda, mambo yalibadilika haraka. Nyimbo zikawa faili, zikapita mkono kwa mkono kwa Bluetooth, memori kadi na flashi. Casio ikabaki, lakini ikabaki ndani ya kompyuta.

Sounds of Sisso ndiyo picha ya hatua hiyo. Ufundi wake, ukiusogelea, si wa siri. Prodyuza hukata kipande cha taarabu ya kisasa au cha wimbo mwingine wowote, sekunde mbili tatu za kinanda tu, akakizungusha kisikome. Kisha anakiongezea mwendo. Sauti iliyorekodiwa ikipigwa kwa mwendo maradufu bila kurekebishwa hupanda oktava moja nzima: mwimbaji mwanamke anakuwa mtoto, fidla inakuwa mbu. Juu ya mzunguko huo hupangwa ngoma, mara nyingi zikifuata mpangilio ambao mzee wa Kizaramo angeutambua kama zingepunguzwa mwendo. Juu ya ngoma anasimama MC. Mzunguko haubadiliki kwa dakika nzima au zaidi, halafu ghafla unakatwa na mwingine unashika, bila daraja wala salamu. Hakuna anayejali kwamba mishono inaonekana. Aliyezoea muziki uliopigwa pasi ataona ni kazi ya haraka, na ni kweli ni ya haraka. Kigodoro cha Jumamosi hakisubiri.

Kuhusu kasi yenyewe, inafaa kupiga hesabu. Mapigo 200 kwa dakika ni zaidi ya matatu kila sekunde, na ziko singeli zinazokaribia 300. Hausi ya klabu za Ulaya huenda kati ya 120 na 130, na Bongo Fleva nyingi iko chini ya hapo. Hakuna mwili unaoweza kufuata kila pigo kwa mwendo huo, kwa hiyo mchezaji hugawana kazi na nafsi yake: miguu inakimbia, kiuno kinashika nusu ya mwendo au robo. Masikio ya aliyekaa hufanya hivyohivyo, yakipewa muda. Nyimbo mbili za mwanzo ni vurugu tupu. Kufikia ya nne kasi inakuwa imetoweka, na chini yake kunasikika mdundo mpana, wa polepole, unaokaribia ule wa ngoma ya jioni. Ndiyo maana albamu nzima, isikilizwe kwa mkupuo, inasema jambo ambalo wimbo mmoja uliotumwa WhatsApp hauwezi kulisema.

Wahakiki wengi waliifananisha singeli na gabber, muziki mkali wa Rotterdam wa miaka ya 1990, kwa kuwa ndio waliokuwa wakiujua wenye mwendo wa karibu na huo. Ulinganisho huo unapotosha. Gabber hujengwa juu ya pigo moja zito la besi lililokwaruzwa, linalogonga bila kubadilika. Kila kitu kingine ni pambo. Singeli ya Mburahati huegemea sauti za kati na za juu, na uzito wake unatokana na ngoma nyingi ndogo zinazojibizana. Besi mara nyingi ni nyembamba, jambo linaloeleweka kwa muziki unaosambaa kwa spika za simu. Zaidi ya hayo, kwenye gabber hakuna mtu anayesimama katikati ya wimbo na kukupasha habari za shemeji yako.

Maneno ndiyo yaliyosahaulika. Jay Mitta, prodyuza wa nyumba hiyohiyo ya Sisso, alitoa albamu yake mwaka 2019 na kuiita Tatizo Pesa. Kwa mnunuzi wa Berlin maneno hayo mawili ni urembo wa jalada. Kwa mpangaji wa Tandale ambaye mwenye nyumba amempitia asubuhi, ni taarifa ya habari. Ukisikiliza albamu hiyo huku ukielewa, ukali wa biti unapata sababu: kasi ni ya mtu anayehesabu madeni, na mzaha ni wa mtu aliyechoka kuyahesabu. Muziki huu umesifiwa kwa kuwa wa baadaye, wa kesho, wa kompyuta. Sehemu yake kubwa inahusu leo, tena leo kabla ya saa sita mchana.

Kwa ufundi mtupu, hata hivyo, albamu inayoongoza ni Poaa ya Bamba Pana, ya mwaka 2018. MC Makaveli anaingia mahali fulani na kuiwasha, lakini sehemu kubwa ni biti zisizo na mchanaji, na bila maneno ya kujificha nyuma yake prodyuza anaonekana mzima. Mizunguko ni mifupi, sauti ni chache, na kila moja imepewa mahali pake. Mtu anaweza kuchagua ngoma moja na kuifuata mwanzo mpaka mwisho asiipoteze. Duke naye, mwenye Pamoja Records, alitoa mwaka 2019 albamu ya Uingizaji Hewa, jina la mzaha kwa kazi isiyomwachia mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Humo wachanaji ni wengi na wanashindana. Mr Mixondo ya DJ Travella, ya mwaka 2022, ni ya kijana aliyekuta singeli imeshasimama, akaichanganya na kila kilichomfikia kwa intaneti. Inang'aa zaidi, na pengine ndiyo rahisi zaidi kwa aliyelelewa na muziki wa klabu. Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko, ya mwaka 2024, inarudi kwenye vidole juu ya kinanda, na kuna mahali vidole hivyo vinacheka.

Hapa linafaa kusemwa jambo ambalo orodha za Ulaya hazilisemi. Mwulize dereva wa bodaboda wa Mbagala mfalme wa singeli ni nani, atakutajia Msaga Sumu. Mwulize wimbo uliowafanya hata watu wa maofisini waijue singeli, huenda akakumbuka "Hainaga Ushemeji" wa Man Fongo. Majina hayo hayaonekani kwenye majalada yaliyotajwa hapo juu. Kuna singeli ya redio, yenye kiitikio na hadithi ya kueleweka, na kuna singeli ya albamu, iliyochaguliwa na watu waliokuwa wakitafuta kinachoshtua. Zote zimetoka uchochoro mmoja na baadhi ya maprodyuza hufanya zote mbili. Anayezijua albamu tu anajua nusu, na ni nusu iliyopendeza wageni. Hilo halizishushi hadhi. Linamtaka msikilizaji akumbuke ni mkono wa nani ulioshika mkasi.

Uganda nayo ina mfano wake wa ngoma za zamani kuhamia kwenye kompyuta. Gulu City Anthems ya Otim Alpha, iliyotoka mwaka 2017 kwa lebo hiyohiyo ya Kampala, ni muziki wa harusi wa Waacholi wa kaskazini, ambapo kompyuta imeshika nafasi ya kikosi kizima cha wapiga ngoma na vibuyu. Kulipa kikosi ni gharama. Kulipa mwimbaji mmoja na prodyuza ni nafuu. Wazee huenda walinung'unika. Watu walicheza.

Mingiedi wa Kinshasa naye, miaka mingi kabla, aliongozwa na hitaji, ingawa lake lilikuwa la kusikika. Yeye alikuwa dereva wa lori na mpigaji wa likembe, kile chombo cha vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, ambacho Wagogo wa Dodoma wana cha kwao wakiitacho ilimba. Likembe ilitosha kijijini, karibu na mpaka wa Angola alikotoka. Kinshasa yenye magari na baa haikuisikia. Mingiedi akachukua sumaku kutoka kwenye vipuri vya magari, akatengeneza maikrofoni zake, akazifunga kwenye likembe na kuzipeleka kwenye honi kubwa za kutangazia. Kundi lake, Konono N°1, lilianza miaka ya 1960; Wafaransa walilirekodi mwaka 1978; dunia ikaja kulisikia vizuri mwaka 2004, Crammed Discs walipotoa Congotronics, iliyorekodiwa na Vincent Kenis. Miaka mitatu baadaye mwimbaji Björk alikuwa akiwaalika kwenye albamu yake mwenyewe.

Congotronics bado inashinda albamu zao zilizofuata. Likembe tatu zenye umeme zinasukana, moja ikiwa ya besi, na mikwaruzo yake ni minene kiasi kwamba mara nyingine sikio linadhani limesikia gitaa. Mingiedi hakutafuta mikwaruzo hiyo. Alitaka kusikika tu, na kusikika kukaleta sauti mpya ambayo baadaye hakuiacha. Anayeisikiliza baada ya Bongo Hotheads atagundua kwamba Kinshasa na Dar es Salaam, bila kuulizana, zilifika kwenye jibu moja kwa kupitia honi zilezile. Inawezekana pia kwamba Crammed Discs, waliotoa zote mbili, walikuwa na sikio lililoshapenda sauti ya aina hiyo. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Ukitaka kwenda mbali zaidi ya hapo, ingia Cairo mwaka 1944. Halim El-Dabh, kijana wa Kimisri aliyekuwa akisomea kilimo, aliazima redioni mashine ya kurekodia iliyotumia waya badala ya utepe, akaenda nayo kwenye zaar, ngoma ya wanawake ya kutuliza pepo. Msomaji wa Unguja au Mombasa hahitaji kuelezwa ngoma ya namna hiyo ni nini. El-Dabh alirudi na rekodi, akaipitisha kwenye mitambo ya studio, akatumia vyumba vyenye mwangwi, akachuja sauti za chini hadi kilichobaki kikawa kivuli cha sauti za wale wanawake. Vitabu vingi vya historia bado huanzia Paris mwaka 1948, kwa Pierre Schaeffer na rekodi zake za magari moshi. Kazi ya Cairo ilitangulia kwa miaka minne. Kipande chake cha dakika kama mbili kimo kwenye albamu ya Crossing into the Electric Magnetic, iliyotoka mwaka 2000, pamoja na kazi alizofanya baadaye Marekani. Dakika hizo mbili zinatisha kidogo, na zinastahili kusikilizwa usiku. Kwamba jaribio hilo la mapema lilianzia kwa pepo ni habari ambayo watu wa pwani wangepaswa kuwa wa kwanza kuieneza.

Baada ya honi na kasi, Nairobi ina mtu wa kinyume kabisa.

Joseph Kamaru alizaliwa huko mwaka 1997, na majalada yake humwandika KMRU. Jina ni la babu yake, Joseph Kamaru, gwiji wa muziki wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, ambaye mjukuu amekuwa akizitoa upya rekodi zake. Mjukuu mwenyewe hakwenda kwenye benga. Hutembea na kinasa sauti, hurekodi mahali, kisha huzitandaza rekodi hizo juu ya sauti ndefu za kielektroniki zinazobadilika polepole. Albamu yake ya Peel, iliyotolewa mwaka 2020 na Editions Mego ya Vienna, haina ngoma wala wimbo wa kuimba njiani. Kipande cha mwisho, chenye jina la albamu, kinapita dakika 20. Ukikisikiliza huku ukifanya jambo jingine utasema hakuna kilichotokea. Ukikipa masikio yako yote utaona kwamba sauti iliyokuwa mbele dakika tano zilizopita sasa iko nyuma, na hukumbuki ilipita saa ngapi. Kuna mahali kitu kama mlango au mguu kinagusa sakafu, mbali sana, na kinakuwa tukio kubwa.

Natur, ya mwaka 2024, inafaa zaidi kwa mtu wa mjini. Ni kipande kimoja kirefu, karibu saa nzima. KMRU alikuwa amehamia Berlin, na tofauti kati ya usiku wa huko na wa Nairobi ilimgusa: Nairobi nyaya za umeme hupita juu ya vichwa vya watu na kuvuma, Berlin zimezikwa ardhini. Alitumia vifaa vinavyonasa mawimbi ya sumaku-umeme, yale yanayozunguka kila transfoma, simu na chaja bila sikio kuyapata, akayageuza kuwa sauti. Matokeo yake ni mazito, yenye mikwaruzo na mivumo, na mara nyingine huwezi kutenganisha mdudu na waya. Anayekaa karibu na transfoma ya mtaa atajua kwamba nusu ya albamu hiyo anayo tayari, nje ya dirisha.

Kazi yake nyingine, Temporary Stored ya mwaka 2022, inahitaji moyo. Jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, limehifadhi rekodi nyingi zilizochukuliwa Afrika ya Kati enzi za ukoloni: nyimbo, ngoma, sauti za watu ambao wajukuu wao hawajawahi kuzisikia. KMRU alizitumia baadhi ya rekodi za hifadhi hiyo kama malighafi. Hakuzipigia biti wala kuzipamba. Zinakuja na kupotea ndani ya mvumo, kama zinavyokuja na kupotea kwa yeyote anayelazimika kuomba ruhusa Ulaya ili amsikie babu yake. Si albamu ya kupiga wageni wakiwa sebuleni. Kwa msikilizaji wa Bukavu au Bujumbura pengine ndiyo yenye uzito kuliko zote zilizotajwa hapa.

Mwenza wake katika njia hiyo, kwa namna laini zaidi, ni Nyokabi Kariuki, mtunzi Mkenya aliyetoa peace places: kenyan memories mwaka 2022. Aliitunga kwa kumbukumbu za mahali: shamba la bibi yake, ufukwe wa pwani ya kusini, mbuzi wanaolishwa maembe. Sauti za mahali hapo, ala na maneno ya zaidi ya lugha moja vinakaa pamoja bila kujieleza. Ni fupi, inapenda watu, na ndiyo ya kumpa anayeapa kwamba muziki wa majaribio ni wa kuumiza kichwa. Anayependa kuumizwa kichwa ana Duma, albamu ya mwaka 2020 ya vijana wawili wa Nairobi waliochanganya metali kali na kelele za mashine. Wengi hawatamaliza wimbo wa pili, nao wasilaumiwe. Na kati ya Nyokabi na Duma yuko prodyuza Slikback, mwenye biti zenye kiza, ambaye Lasakaneku yake ya mwaka 2018 ni fupi na haina kipande cha kuruka.

Lipo suala la vifaa, na halipuuziki. Singeli inastahimili spika ya simu. Kwa kiasi fulani ilitengenezwa nayo. KMRU hastahimili. Kwenye spika ya simu Natur ni ukimya wenye kikohozi, na mtu ataona ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Hedifoni za kawaida zinatosha, mradi mlango umefungwa. Konono wanataka spika kubwa na jirani mvumilivu. El-Dabh anaweza kusikika kwa chochote, maana rekodi yenyewe ilipitia waya wa mwaka 1944. Wala mtu asijilazimishe kumaliza albamu kwa sababu imesifiwa. Albamu ya Peel ikikushinda leo iache, uirudie umeme ukikatika na mtaa ukatulia.

Nyingi kati ya kazi hizi ziko kwenye tovuti ya Bandcamp, ambako kwa kawaida mtu husikiliza kabla ya kutoa hela, na fedha huwafikia wenye kazi au lebo zao kwa njia fupi kuliko kwingine. Mwenye uwezo wa kununua moja tu achukue Sounds of Sisso: ina sauti nyingi, ina makosa mengi, na hakuna nyingine inayomweka msikilizaji karibu hivyo na uchochoro ulioizaa. Mwenye uwezo wa mbili aongeze Peel. Congotronics aiazime kwa rafiki na achelewe kuirudisha. Kisha, kama anaishi karibu na studio ya mtaani yenye kompyuta moja na foleni ya wachanaji nje, apite aulize wana nini kwenye flashi, kwa sababu sehemu kubwa ya singeli haijaingia kwenye albamu yoyote.